Jedwali Lisilo na Kitenzi: Uhakiki wa Fani ya Vitambulisho vya Jeni

TP01_0056. Alama tisa tu, lakini tuzisome polepole kama tusomavyo mshororo. Herufi mbili za mwanzo zinataja kimelea, Theileria parva, kinachosababisha ndigana kali. Tarakimu mbili zinazofuata zinataja kromosomu ya kwanza kati ya nne za kimelea hicho. Kistari cha chini kinagawa mshororo vipande viwili. Kisha inakuja 0056, nambari ya jeni katika mfuatano wa kromosomu hiyo. Aliyetunga kitambulisho hiki alitaka kiseme mengi: mwenye jeni ni nani, jeni inakaa wapi, imekaa ya ngapi kwenye foleni.

Jeni yenyewe inawahusu sana wakazi wa Kajiado. Kuanzia Laiser Hill hadi tambarare za Kitengela, ambako ploti za nyumba na malisho vinagombea ardhi ile ile, ndigana kali ni ugonjwa unaojulikana hata na mtoto anayechunga ndama. Wamaasai huuita oltikana. Huenezwa na kupe wa sikio la kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, na ndama asiyekingwa anaweza kufa kabla mwenye mifugo hajampata daktari. Jeni tuliyoanza nayo hutoa protini ambayo chembe za kinga za ng'ombe aliyepona huitambua na kuishambulia. Ndiyo maana watafiti wa chanjo katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, na wenzao wa nje waliiweka kwenye orodha yao iliyochapishwa mwaka 2006, wakaipa jina fupi: Tp2.

Hapo tayari tuna majina mawili. La tatu lilikuja baadaye, jenomu ilipoandikwa upya: TpMuguga_01g00056. Mtafiti anayekusanya data kutoka makala ya 2006, hifadhidata ya zamani na hifadhidata ya sasa atakutana na majina yote matatu, na kompyuta yake haitajua kwamba yanahusu jeni moja mpaka kuwe na programu ya kuyaoanisha. Programu za namna hiyo zipo, na mojawapo iliyo maarufu kati ya zile huria ni BridgeDb. Uhakiki huu unasoma fani yake: jinsi inavyokipanga kitambulisho, jinsi inavyokifunga kwa kingine, na kile ambacho muundo huo unakisema au kukinyamazia. Hoja yangu ni kwamba BridgeDb iliipatia sana fani ya jina, lakini fani ya uhusiano kati ya majina iliiacha nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tunayoihitaji zaidi huku kwetu.

Kwanza, kitambulisho kinachosema sana

Jenomu ya Theileria parva ilichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Science, kazi ya pamoja ya ILRI na taasisi ya TIGR ya Marekani. Ni jenomu ndogo, herufi za DNA takriban milioni 8.3, na wachambuzi walihesabu jeni 4,035 zinazotengeneza protini. Kila moja ilipewa kitambulisho cha umbo la TP01_0056. Umbo hilo lina utaratibu na ni rahisi kulikumbuka. Ukiona TP01_0057 unajua ni jirani.

Lakini kila kinachosemwa na kitambulisho ni ahadi, na ahadi huvunjika. Herufi TP zinadai kukitaja kimelea cha ng'ombe. Tatizo ni kwamba Treponema pallidum, bakteria wa kaswende, jenomu yake ilichapishwa mwaka 1998 na jeni zake huandikwa kwa umbo kama TP0326. Mwanafunzi akinakili orodha kwa haraka, akaacha kistari au akala tarakimu, amehama kutoka ugonjwa wa ng'ombe hadi ugonjwa wa zinaa bila programu yoyote kumwonya. Mshororo huu hautoshelezi peke yake. Unahitaji mtu aseme unatoka katika shairi gani.

Ahadi ya pili ni ya mpangilio. Nambari zilipangwa moja baada ya nyingine, bila nafasi katikati. Linganisha na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Jeni ya kelch13, ambayo mabadiliko yake huashiria usugu dhidi ya dawa ya artemisinini, zamani iliitwa PF13_0238. Sasa ni PF3D7_1343700. Kitambulisho kipya kinataja aina ya kimelea iliyosomwa, 3D7, kisha kromosomu ya 13, kisha nambari inayopanda kwa mia. Sifuri mbili za mwisho zina kazi: ni nafasi wazi kati ya majirani, ili jeni itakayogunduliwa kesho ipate pa kukaa bila kuwahamisha wengine. Aliyeitunga PF3D7_1343700 alijua kwamba jenomu ni rasimu. TP01_0056 imetungwa kana kwamba hesabu imefungwa.

Nayo haikufungwa. Mwaka 2020 watafiti walitoa uchambuzi mpya wa jenomu ya Theileria parva, wakarekebisha asilimia 53 ya protini zake. Hapa umbo la kitambulisho kipya linastahili kusomwa kwa makini. TP01_0056 imekuwa TpMuguga_01g00056. Nambari imebaki, imeongezwa sifuri moja kwa mbele. Mtu yeyote anayejua kuandika programu ataona kishawishi papo hapo: badilisha TP01_ iwe TpMuguga_01g0 na kazi imekwisha, mstari mmoja wa msimbo. Kwa jeni nyingi atapata jina sahihi. Lakini mfanano wa nambari unaahidi mwendelezo ambao huenda mfuatano wa DNA wenyewe hauna. Pale ambapo mipaka ya jeni ilisogezwa, jina la zamani na jina jipya yanafanana kwa sura huku protini zinazosomwa kutokana nazo zikitofautiana. Fani inasema "ni yule yule", na maudhui yanasema "siyo kabisa".

Muguga ni ipi?

Kiambishi TpMuguga nacho kina mzigo wake. Muguga ni mahali huko Kiambu, kilipokuwa kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki. Muguga ni aina ya kimelea iliyopatikana huko. Muguga ni jenomu rejea iliyotokana na aina hiyo. Na kwa mfugaji wa Kajiado aliyewahi kuchanja, Muguga ni chanjo: mchanganyiko ulioundwa miaka ya 1970, unaotunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, unaodungwa pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini ili ndama aambukizwe na kutibiwa kwa wakati mmoja.

Mchanganyiko huo una aina tatu za kimelea: Muguga, Kiambu-5 na Serengeti-transformed. Ukihakiki kwa majina tu, utadhani ni vitu vitatu vilivyoachana kwa umbali unaofanana. Jenomu zao zilipolinganishwa, matokeo yakichapishwa mwaka 2015, ilionekana kwamba Serengeti-transformed inakaribia kuwa sawa na Muguga, huku Kiambu-5 ikiwa mbali nazo zote mbili. Kwa hiyo jina moja linabeba vitu vinne, na majina mawili yanabeba karibu kitu kimoja. Programu yoyote ya kuoanisha vitambulisho vya Theileria inayolichukua neno Muguga kama lilivyo imekosea kabla ya kuanza.

BridgeDb na sanaa ya jozi

BridgeDb ilielezwa rasmi mwaka 2010 katika jarida la BMC Bioinformatics, na Martijn van Iersel pamoja na wenzake wa Maastricht, Uholanzi, na Taasisi za Gladstone, San Francisco. Imeandikwa kwa Java, inatolewa kwa leseni ya Apache 2.0, na mtu yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza. Ilizaliwa kutokana na shida ya kawaida. Watumiaji wa PathVisio na Cytoscape, programu za kuchora njia na mitandao ya kikemia ndani ya seli, walikuwa na data iliyotambulishwa kwa majina ya hifadhidata moja na michoro iliyotambulishwa kwa majina ya nyingine.

Uamuzi wake mkuu wa kifani ni mdogo sana kwa sura. Ndani ya BridgeDb, kitambulisho hakisimami peke yake kamwe. Kila rejea, ambayo wenyewe huiita Xref, ni jozi: maandishi ya kitambulisho, na chanzo kilichokitoa. Ukiipa ENSG00000139618 bila kutaja kwamba ni ya hifadhidata ya Ensembl, hujaipa chochote. Ukiitaja, basi ni jeni ya BRCA2 ya binadamu na si vinginevyo. Ule mkanganyiko wa TP kati ya ndigana kali na kaswende hauwezi kutokea humu, kwa sababu herufi za mwanzo zimepokonywa kazi ya kumtambulisha mwenye jeni. Kazi hiyo imepewa sehemu ya pili ya jozi. Kitambulisho kimeruhusiwa kuwa bubu, na ububu huo ni nguvu yake.

Vyanzo vyenyewe hupewa misimbo mifupi, na humo mna masalio ya historia. Ensembl ni En. Wikidata ni Wd. Lakini hifadhidata ya jeni ya NCBI, inayojulikana kama Entrez Gene, msimbo wake ni L, kwa sababu mtangulizi wake aliitwa LocusLink. LocusLink ilistaafishwa mwaka 2005, na herufi yake ingali kazini. Hifadhidata ya protini ya UniProt ni S, kumbukumbu ya Swiss-Prot iliyoitangulia. Msomaji mgeni atalalamika kwamba L haimwambii kitu. Mimi naona ni kosa linalosameheka, maana msimbo unaofuata mitindo ya majina ungebadilishwa kila mwenye hifadhidata anapobadilisha nembo, na kila badiliko lingevunja faili za watu.

Hata majina ya faili yametungwa kwa nidhamu. Faili ya ng'ombe yenye jina Bt_Derby_Ensembl_91.bridge inataja kiumbe, aina ya hifadhidata iliyomo, chanzo cha data na toleo lake. Hiyo 91 ni muhimu kuliko inavyoonekana. Inamkumbusha mtumiaji kwamba uoanishaji una tarehe. Ulinganifu uliokuwa kweli katika toleo moja la Ensembl unaweza kufutwa katika toleo jingine.

Nidhamu hiyo ya majina si ya urembo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha jina la SEPT2 na ndugu zake kuwa SEPTIN, na zile za MARCH kuwa MARCHF, kwa sababu lahajedwali la Excel lilikuwa likizigeuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Wanasayansi walilazimika kuhamisha majina ili programu ya hesabu isiwaharibie kazi. Mfumo ambao kitambulisho chake hubebwa kama maandishi, na chanzo chake kikatajwa kando, hauingii kwenye mtego huo.

Mstari wenye pande mbili

Sasa tuufungue moyo wa programu. Ndani ya faili ya BridgeDb kuna jedwali linaloitwa link. Kila mstari wake hutambuliwa kwa vitu vinne: kitambulisho cha kushoto, msimbo wa chanzo chake, kitambulisho cha kulia, msimbo wa chanzo chake. Kushoto na kulia. Basi.

Ukiusoma mstari huo kama sentensi, utaona kinachokosekana. Una nomino mbili na hauna kitenzi. Jeni fulani ya Ensembl, protini fulani ya UniProt. Zinafanyaje? Moja huzalisha nyingine? Ni kitu kimoja chenye majina mawili? Moja ni sehemu ya nyingine? Zinafanana tu kwa mfuatano? Jedwali halisemi. Limeziweka kando kwa kando, na msomaji anaachiwa adhani kwamba kukaa pamoja ni kuwa sawa.

Mfugaji wa Kitengela angeona kasoro hii haraka kuliko mhandisi. Ng'ombe wake mmoja anaweza kuwa na mkato wa sikio wa ukoo, chapa ya moto ubavuni, hereni ya plastiki aliyovishwa siku ya chanjo, na jina analoitwa zizini. Hereni inasema amechanjwa, haisemi ni wa nani. Mkato unasema ni wa ukoo gani, hausemi ni yupi kati ya mia. Jina linamtaja yeye hasa, ila nje ya boma hakuna anayelijua. Anayeziandika zote kwenye mstari mmoja wa daftari bila kueleza kila moja inathibitisha nini amepoteza taarifa ambayo mnunuzi, daktari na mzee wa ukoo wataiulizia kila mmoja kwa sababu yake.

Kasoro huongezeka pale programu inapoungwa kwa mnyororo. BridgeDb inaweza kurundika vyanzo kadhaa na kupita kutoka kimoja hadi kingine: ikiwa A imeoanishwa na B, na B na C, basi A hupelekwa kwa C. Kama viungo vyote vinasema "ni kitu kile kile", hakuna taabu. Kama kimoja kinasema "inazalisha" na kingine "inafanana na", hitimisho ni kama kusema binamu ya jirani yangu ni binamu yangu.

Kwa data ya mifugo ya Afrika Mashariki, hatari hii ina sura mahususi. Jenomu rejea ya ng'ombe, ambayo vitambulisho vya Ensembl vinavyoanza na ENSBTAG vinaitegemea, ilitokana na Dominette, ng'ombe wa aina ya Hereford wa Miles City, Montana. Ilichapishwa mwaka 2009. Ng'ombe wengi wa Kajiado ni zebu na machotara wa Sahiwal. Mtafiti anaposoma damu ya ndama wa Kajiado na kuandika ENSBTAG mbele ya matokeo yake, kitenzi cha kweli ni "inalingana na jeni ya Hereford iliyoko mahali hapa". Jedwali lisilo na kitenzi linamruhusu kuandika kana kwamba ndiyo jeni yenyewe. Pale ambapo zebu ana kipande ambacho Dominette hana, hakuna kitambulisho cha kukipa, na kipande hicho hutoweka kwenye uchambuzi kimyakimya. Na kinga dhidi ya magonjwa ya huku inaweza kuwa imejificha papo hapo.

Utetezi, na kilichofuata

Haki itendeke. Ukimya wa jedwali lile haukutokana na uzembe. Mtumiaji wa 2010 alitaka kuiweka data yake ya maelfu ya jeni juu ya mchoro, na kwa kazi hiyo jeni na protini yake ni sawa vya kutosha. Kitenzi kingemchelewesha. Pia uwazi wa programu uliwawezesha wengine kuona kasoro na kuijaza. Mradi wa Ulaya wa Open PHACTS, ulioanza 2011 kwa ajili ya data za dawa, ulijenga huduma yake ya utambulisho juu ya BridgeDb na kuongeza kile walichokiita lenzi. Mtumiaji huchagua ni ulinganifu wa aina gani aukubali kwa swali alilonalo. Imatinibi na chumvi yake ya mesilati ni dawa moja kwa daktari anayeandika cheti, na ni kemikali mbili kwa mkemia anayepima uzito. Lenzi haibadilishi data. Inabadilisha kitenzi kinachokubalika.

Hatua iliyo wazi zaidi ni SSSOM, kiwango kilichoelezwa mwaka 2022 kwa ajili ya kubadilishana ulinganifu wa istilahi. Ni jedwali la kawaida tu, linaloweza kufunguliwa kwa kihariri chochote. Lakini safu zake za lazima ni nne, na safu hizo ndizo zinazokosoa BridgeDb kuliko hoja yoyote niliyotoa: kiima, kiarifu, yambwa, na sababu. Kiarifu ndicho kitenzi kilichokuwa kimepotea. Kinaweza kuwa skos:exactMatch, yaani ni kile kile, au skos:closeMatch, yaani kinakaribia, au skos:broadMatch, yaani kile cha pili ni kipana zaidi. Sababu nayo hueleza ulinganifu ulipatikanaje: semapv:LexicalMatching ni kwa kufanana kwa maandishi, semapv:ManualMappingCuration ni kwa mtu aliyeketi akakagua.

Rudi kwenye kile kishawishi cha kubadilisha TP01_ iwe TpMuguga_01g0. Kwa SSSOM, mistari yote iliyozalishwa hivyo ingebeba sababu ya kufanana kwa maandishi, na kiarifu kisichozidi closeMatch. Iliyokaguliwa dhidi ya uchambuzi wa 2020 ingebeba exactMatch na sababu ya mkaguzi. Msomaji angejua aamini ipi na aihoji ipi. Haihitaji programu mpya kubwa. BridgeDb yenyewe inakubali faili za maandishi ya kawaida kama chanzo cha uoanishaji, kwa hiyo jedwali kamili linaweza kutunzwa kwa umbo la SSSOM, kisha likachujwa kwa kiarifu na kupewa BridgeDb nakala iliyopunguzwa. Chujio lenyewe ndilo lenzi, na kila mtu anaweza kulisoma.

Kazi ya mkono inabaki, na mahali pake ni hapa. Jenomu ya 2005 ina jeni elfu nne na ushei; hizo si nyingi mno kwa kundi dogo la wanafunzi wa bayoinfomatiki wakisimamiwa na watu wa ILRI na wa vyuo vyetu. Anayejua kwamba Muguga ya chanjo si Muguga ya jenomu, na kwamba Serengeti-transformed haiko mbali nayo hata kama jina liko mbali, anapatikana Nairobi kwa urahisi kuliko Maastricht. Waanze na protini chache zilizo kwenye orodha za chanjo, Tp2 ikiwemo, kwa sababu huko kosa la jina linaweza kumpeleka mtu kutengeneza protini isiyo sahihi na kuipima kwa ng'ombe walio hai. Kila mstari uwe na tarehe, jina la mkaguzi na toleo la jenomu.

Hukumu yangu, basi. Kama kazi ya kifani, jozi ya BridgeDb inastahili kuigwa na kila anayejenga hifadhidata, awe wa jeni, wa sampuli za damu au wa hereni za mifugo za kaunti. Jedwali lake la link halistahili kuigwa tena. Anayeanza leo aanze na safu nne za SSSOM, na mstari wowote ambao safu yake ya kiarifu iko tupu aukatae kabla haujaingia.